Namba ni ya Wote, Maneno Yana Mwenyewe

(Mada iliyotolewa Kaengesa, Sumbawanga, mbele ya viongozi wa vikundi vya wakulima, kamati za maghala na walimu. Tumeifupisha kidogo kwa ajili ya wasomaji wa jarida letu.)



 Tumesikia kwamba barua ya mwaliko ilipowafikia, baadhi yenu mliulizana: hakimiliki inatuhusu nini sisi wakulima wa mahindi na maharage? Hayo si mambo ya wanamuziki wa Dar es Salaam? Swali hilo ni la haki. Hata sisi wa ofisi ya maendeleo tulikuwa tukiuliza hivyo hivyo, mpaka tulipokosea. Kwa hiyo leo hatukuja kama wataalamu wa sheria. Tumekuja kuwasimulia kosa letu, na yale tuliyojifunza baada ya hapo.

Kosa la bango letu

Misimu kadhaa iliyopita tuliamua kutengeneza bango la kubandika kwenye maghala ya vijiji. Tulitaka limweleze mkulima, kwa Kiswahili, mahindi yaliyo tayari kuhifadhiwa na kuuzwa ni yapi. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki hatukuwa nacho. Kilikuwa kinauzwa, kimeandikwa kwa Kiingereza, na kina onyo kwamba kisinakiliwe, hata sehemu yake, bila ruhusa ya maandishi. Tukaona huo ni usumbufu.

Mwenzetu mmoja akapata kiwango kingine cha mahindi ambacho hutolewa bure. Ni cha Codex Alimentarius, tume ya viwango vya chakula iliyoanzishwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na WHO mwaka 1963. Humo unyevu wa mahindi umewekewa kikomo cha asilimia 15.5. Tukafurahi. Tukachukua namba hiyo, tukaitafsiri, tukachapa, tukaweka na nembo yetu chini.

Wakulima walituamini. Walikausha mpaka bango liliposema inatosha, wakajaza magunia. Siku ya kuuza, mnunuzi alichoma kipimo chake kwenye gunia, akasoma, akatikisa kichwa. Kikomo cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Mahindi yakarudishwa juani, na magunia yaliyokwisha kukaa ghalani yakaanza kutoa harufu ya uvundo. Mama mmoja aliyekuwa ametegemea fedha hizo kwa ada ya mtoto alituuliza swali moja tu: "Bango si lenu?" Hatukuwa na jibu.

Codex haikukosea. Kiwango chake chenyewe kinaeleza kwamba unyevu wa chini zaidi utakiwe pale ambapo hali ya hewa, safari au muda wa kuhifadhi unahitaji hivyo. Sisi ndio tulichukua maandishi yaliyokuwa rahisi kupatikana badala ya yale yanayotuhusu. Tuliogopa kosa la kunakili, tukaingia kwenye kosa la kupotosha watu. Na hofu ile ilitokana na kutojua sheria inakataza nini na inaruhusu nini.

Kiwango ni nini, na kwa nini ni jambo la uhai?

Kiwango ni makubaliano yaliyoandikwa kuhusu ubora wa kitu na namna ya kuupima. Hapa nchini kazi hiyo inasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975 na ambalo sasa linafanya kazi chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Kwa mazao yanayovuka mipaka, nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hukubaliana kiwango kimoja. Kile cha mahindi huitwa EAS 2. Toleo tulilolisoma ni la mwaka 2017.

Ndani yake mahindi yamegawanywa katika madaraja matatu. Unyevu usizidi asilimia 13.5, yaani katika kilo 100 za mahindi, maji yasizidi kilo 13 na nusu. Sumukuvu aina ya aflatoksini kwa jumla isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja, na ile kali zaidi, inayoitwa B1, isizidi mikrogramu 5. Kilo moja ina mikrogramu bilioni moja. Kwa hiyo tunazungumzia sehemu 10 katika bilioni, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona wala ulimi kukionja.

Ndugu zangu, namba hizi hazikuwekwa ili kuwasumbua wakulima. Mwaka 2004 nchini Kenya, katika maeneo ya Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hii, na 125 walifariki. Mwaka 2016 jambo kama hilo lilitokea kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Na mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikafungua kwa masharti. Mkoa wetu wa Rukwa unaishi kwa mahindi. Mpaka ukifungwa huko Namanga, gunia la Kaengesa nalo linashuka bei.

Kwa hiyo mkulima asiyejua kilichomo kwenye kiwango anaweza kupoteza soko, na familia yake inaweza kupoteza uhai. Ndiyo maana swali la nani anaruhusiwa kunakili na kutafsiri kiwango linatuhusu.

Sheria inalinda nini?

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999. Ofisi inayoisimamia ni COSOTA. Sheria hiyo humpa aliyeandika haki ya kuamua nani anakili andiko lake, nani alitafsiri, nani alibadili sura na kulitoa upya. Tafsiri, muhtasari, bango lililojengwa juu ya maandishi ya mwingine, vyote hivyo ni kazi zilizotokana na kazi nyingine. Ukizitengeneza kwa ruhusa, jasho lako nalo linalindwa, lakini haki ya mwandishi wa kwanza inabaki palepale. Mtoto hamfuti mzazi.

Hata hivyo sheria hiyo hailindi wazo, njia ya kufanya kitu, wala takwimu tupu. Inalinda namna jambo lilivyoandikwa.

Tuchukue mfano wa hapa Ufipa. Wazee wetu wanalima kwa ntumba. Nyasi zinakusanywa, zinafunikwa kwa udongo, zinaoza, na baadaye tuta lile linasambazwa shambani likiwa mbolea. Je, ntumba ina mwenyewe? Hapana. Mtafiti aliyekuja hapa, akaangalia, akaandika kitabu kuhusu ntumba, ana haki juu ya kitabu chake: sentensi zake, michoro yake, mpangilio wake. Hawezi kumzuia bibi yako kulima ntumba, wala kukuzuia wewe kueleza ntumba kwa maneno yako. Lakini wewe nawe huwezi kupiga fotokopi kitabu chake chote na kukiuza mnadani.

Kiwango ni hivyo hivyo. Kwamba mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5 ni jambo la kweli ambalo mtu yeyote anaweza kulisema, kuliandika ukutani au kuliimba. Lakini kurasa za EAS 2, na sentensi zake na majedwali yake kama yalivyopangwa, zina mwenyewe, ambaye ni Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao yake Arusha.

Tungeelewa hivyo mapema, bango letu lingekuwa sahihi. Hatukuhitaji ruhusa ya mtu kuandika: "Kausha mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5." Tulihitaji tu kukisoma kiwango kinachotuhusu.

Kwa nini wanazuia?

Mzee mmoja alituambia kwa uchungu: "Mnatutaka tutii, halafu mnatuuzia tunachotakiwa kukitii." Ni neno zito, na tusilipuuze. Lakini tusikilize na upande wa pili.

Sababu ya kwanza ni gharama. Kiwango huandaliwa na kamati za wataalamu, wafanyabiashara, watumiaji na maabara, na mauzo ya nakala husaidia kulipia kazi hiyo. Sababu ya pili ni usahihi. Nchi za Jumuiya zimekubaliana kwamba kiwango cha Afrika Mashariki kikishatangazwa, kila nchi ikipokee ndani ya miezi sita bila kubadili maandishi yaliyopitishwa. Kama hata TBS hairuhusiwi kugeuza neno, fikiria hatari ya kila ofisi kutoa toleo lake.

Tafsiri inaweza kuua maana. Tulipojaribu mara ya pili, mwenzetu aliandika "kiwango cha juu cha unyevu ni 13.5". Mkulima mmoja alisoma, akaelewa kwamba mahindi ya kiwango cha juu, yaani bora kabisa, ni yale ya 13.5, na kwamba ya 12 ni duni! Tukabadili: "usizidi 13.5, ukipungua hapo ni salama." Kosa la neno moja lingewafanya watu waogope kukausha vizuri.

Wenzetu nje wameamua nini?

Ugomvi huu si wetu peke yetu. Nchini Marekani, Peter Veeck aliweka kwenye intaneti kanuni za ujenzi za miji midogo ya Anna na Savoy, jimbo la Texas. Kanuni hizo zilikuwa zimeandikwa na chama binafsi, kisha miji ikazipitisha kuwa sheria. Chama kikamdai. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa iliamua kwamba maandishi yakishakuwa sheria ya mji, wananchi wana haki ya kuyasoma na kuyanakili kama sheria. Mwaka 2023 mahakama nyingine ya rufaa, ya Washington, iliruhusu shirika lisilo la kibiashara la Public.Resource.Org kuweka wazi viwango ambavyo sheria imevitaja kuwa sehemu yake. Na mwezi Machi 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba manufaa ya umma yanadai watu wapewe viwango vya usalama wa vitu vya kuchezea watoto, kwa kuwa ni sehemu ya sheria ya Umoja huo.

Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, kwa hiyo mtu asirudi nyumbani akisema Kaengesa wameruhusu fotokopi. Lakini zinaonyesha kwamba madai ya yule mzee yana uzito mbele ya majaji. Sheria yetu ya 1999 nayo inasema kwamba sheria za nchi na hukumu za mahakama hazina hakimiliki. Aidha, mwaka 2021 Bunge letu lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Basi ni haki yetu kuomba, kwa adabu na bila kuchoka, kwamba viwango vya chakula ambavyo mkulima analazimika kuvifuata vitolewe kwa Kiswahili, na vipatikane bila gharama kubwa.

Tufanye nini sasa?

Tunapendekeza mambo matano.

1. Tusome kiwango kinachotuhusu. Vikundi vichangie kununua nakala moja kutoka TBS, ikae ofisini, isomwe kwa pamoja. Kabla ya kuitumia tuhakikishe kwamba ndilo toleo linalotumika, maana viwango hurekebishwa.

2. Tueleze kwa maneno yetu. Tuchukue namba na maana yake, kisha tuandike upya kwa Kiswahili cha mkulima, pamoja na mbinu zetu. Mfano ni kipimo cha chumvi. Weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, tikisa dakika kadhaa, kisha acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu unazidi asilimia 15. Isipoganda, usishangilie bado: imekuambia tu kwamba uko chini ya 15, haijakuambia umefika 13.5. Mnunuzi ana kipimo cha umeme. Kikundi nacho kitafute chake.

3. Tutaje tulikotoa. Sheria inaruhusu kunukuu kwa kiasi cha haki, kwa kutaja chanzo. Chini ya bango tuandike namba ya kiwango na mwaka wake, na tuseme wazi kwamba haya ni maelezo yetu, si tafsiri rasmi. Msomaji mwenye mashaka atajua pa kwenda.

4. Tunapotaka kutafsiri kiwango chote, tuombe ruhusa kwa barua. Kwa kiwango cha EAS barua iende Jumuiya, Arusha. Kwa kiwango cha taifa iende TBS. Tueleze tunataka kurasa zipi, nakala ngapi, na kwamba hatuuzi. Machapisho mengi ya FAO na WHO ya miaka ya karibuni yana kibali kilichochapwa ndani yake kinachoruhusu kunakili na kutafsiri bila biashara, kwa sharti la kusema kwamba tafsiri si yao. Tusome ukurasa huo wa mwanzo ambao huwa tunauruka.

5. Tusichanganye maandishi na alama. Kueleza kiwango ni kitu kimoja. Kuchapa alama ya ubora ya TBS kwenye mfuko wa unga ni kitu kingine kabisa. Alama hutolewa kwa leseni baada ya bidhaa kukaguliwa na kupimwa. Kikundi chenye mashine ya kusaga kianze SIDO, kipate barua ya utambulisho na maelekezo. Kuiweka alama bila leseni ni kumdanganya anayekula.

Na kazi zetu wenyewe je?

Hapa tunataka kujisema sisi. Kijitabu chetu cha kwanza cha hifadhi ya nafaka kilikuwa na maneno "haki zote zimehifadhiwa" kwenye jalada. Tulinakili tu kutoka kwenye vitabu vingine, bila kufikiri. Halafu tukashangaa kwa nini mwalimu mmoja alisita kukinakili kwa ajili ya wanafunzi wake! Tulikuwa tunalalamika kufungiwa mlango, huku na wetu tumeufunga kwa komeo.

Toleo jipya litaandikwa hivi: "Unaruhusiwa kunakili, kutafsiri na kusambaza bila kuuza, mradi utaje chanzo na usibadili namba." Anayetaka kukiweka kwa Kifipa kwa ajili ya bibi na babu asiojua Kiswahili vizuri, afanye hivyo. Tunamwomba tu atuonyeshe kabla ya kuchapa, ili yasitokee yale ya "kiwango cha juu".

Maswali mawili

Baada ya mada tuliulizwa maswali mengi. Tunachapa mawili.

Mmoja aliuliza: "Kijana wangu amekipata kiwango chote kwenye simu. Je, tukitumie?" Tulimjibu kwamba ni kweli baadhi ya viwango vya Afrika Mashariki viliwekwa kwenye intaneti na lile lile shirika la Public.Resource.Org. Lakini kukipata si kupewa haki ya kukichapa upya. Jambo kubwa zaidi ni mwaka wake: nakala ya zamani inaweza kukutia hasara kama bango letu lilivyofanya.

Mwingine, mama wa kamati ya ghala, aliuliza: "Sisi Wakristo tuna amri inayokataza wizi. Kunakili ili kumwokoa mtu asile sumu, nako ni kuiba?" Tulikaa kimya kidogo, kisha tukajibu hivi: anayemwambia jirani yake namba ya kuokoa maisha haibi kitu, kwa sababu namba haina mwenyewe. Anayechukua kurasa za mwingine na kuziuza kama zake, anaiba. Na anayeijua namba hiyo akakaa nayo kimya kwa kuogopa kurasa, huyo naye atajibu.

Ndugu zangu, mabango ya zamani yenye 15.5 bado yapo kwenye baadhi ya maghala. Tunawaomba mkifika nyumbani myabandue, hata kabla hatujawaletea mapya. Kwa leo chukueni mkaa, mwandike ukutani kwa mkono wenu: usizidi 13.5. Hilo halihitaji ruhusa ya mtu.